KUYU WA MTO, JIRANI WA SHAMBA LAKO

Somo la mwezi huu ni kwa mkulima ambaye shamba lake linafika mtoni. Katika Kipkelion mashamba mengi ya skimu yameteremka hivyo: juu ni barabara, katikati ni nyumba na mahindi, chini ni majani ya ng'ombe, na mwisho kabisa ni kijito. Mkulima anajua idadi ya ng'ombe wake, anajua mistari yake ya kahawa au chai, lakini ukimwuliza ni nani anayekaa katika maji ya kijito chake, hujibu, "Ni visamaki tu." Hivyo visamaki tu ndivyo tutakavyosoma leo.

Wazee wengi wa Kipsigis hawakula samaki. Walikuwa watu wa maziwa, nyama na wimbi, na samaki kwao alikuwa kitu cha watu wa ziwani. Siku hizi utaona samaki wakiuzwa sokoni Kipkelion na watoto wakila bila neno. Lakini hata kama wewe huli samaki, soma. Maji anayokaa samaki huyu ndiyo maji anayokunywa ng'ombe wako, na yeye huugua kabla ya ng'ombe.

Wako wa namna mbili

Katika mito ya bonde la Nyando wako samaki wa ukoo mmoja wenye sharubu. Wataalamu waliwapa zamani jina la Barbus, ambalo limetokana na neno la Kilatini la ndevu. Tazama mdomo wake: utaona sharubu nne fupi na laini, mbili kila upande. Si za urembo. Hizo ndizo vidole na ulimi wake, maana huzipapasia mawe na mchanga ili kujua kilicho chakula na kisicho chakula, hata maji yakiwa ya udongo.

Namna ya kwanza ni kuyu mkubwa. Waluo humwita fwani, na Waganda humwita kisinja. Jina lake la kitaalamu ni Labeobarbus altianalis. Alielezwa kwanza katika vitabu mwaka 1900 na Boulenger, mtaalamu wa makumbusho ya London, kutokana na samaki waliopatikana upande wa Ziwa Kivu. Anaishi katika Ziwa Viktoria na mito inayoingia humo, na pia katika maziwa na mito mingine ya Uganda, Rwanda na Kongo ya mashariki. Ana magamba makubwa yanayong'aa kama shaba, mgongo wa kijani iliyofifia, na mwiba mgumu mbele ya pezi la mgongoni. Ziwani amewahi kufika urefu wa sentimita 90 na uzito wa kilo 10. Usitazamie kumwona mkubwa hivyo kijitoni kwako. Huku juu ni mdogo zaidi.

Namna ya pili ni wale wadogo wa urefu wa kidole, ambao watoto huwavua kwa kikapu au kwa chandarua kikuukuu. Waluo huwaita adel. Wako wa aina kadhaa, na mmoja anayependa sana vijito vya milimani ni Enteromius neumayeri. Huyu hapiti sana sentimita 12. Mpaka mwaka 2015 wakubwa na wadogo waliandikwa pamoja chini ya jina la Barbus. Mwaka huo wataalamu waliwatenga, maana walikwisha kuona kwamba kuyu mkubwa na mdogo hawafanani hata katika mbegu ya urithi. Binadamu ana kromosomu 46. Kuyu mkubwa ana kama 150, kwa kuwa anazo seti sita mahali ambapo viumbe wengi wana mbili. Jambo hilo halibadili bei ya maziwa, lakini ni la ajabu kwa samaki aliye chini ya shamba lako.

Jinsi alivyoumbwa

Ukimpata kuyu aliyekufa, mpasue utazame. Mdomoni hana jino hata moja. Meno yake yako kooni, nyuma ya mashavu, na huko ndiko anakosaga konokono na wadudu wenye ganda. Tena hana tumbo kama letu la kuweka akiba ya chakula. Utumbo umeanzia kooni moja kwa moja. Kwa hiyo kuyu hula kidogo kidogo, mara nyingi. Hula wadudu wa majini, konokono, mbegu zilizoanguka, majani laini, ukungu wa kijani juu ya mawe, na kuyu mkubwa hula hata visamaki. Si mchaguzi, na ndiyo sababu ameweza kukaa mahali pengi.

Midomo ya kuyu wakubwa huwadanganya watu. Mmoja ana midomo myembamba, mwingine ana midomo minene kama mpira, nawe utasema ni samaki wawili tofauti. La, ni wa aina moja. Midomo minene humfaa anayetafuta chakula katikati ya mawe.

Masikio yake hayaonekani kwa nje, lakini anasikia kuliko samaki wengi. Ndani yake kuna mfuko wa hewa unaomsaidia kuelea, na mifupa midogo imefungamana kutoka mfuko huo mpaka sikio. Sauti ikigonga mfuko, mifupa huipeleka mbele. Basi ukikanyaga kwa kishindo ukingoni, kuyu amekwisha kujua umefika.

Jambo jingine wavuvi wa kijitoni wanalijua bila kulisoma: ukimjeruhi mmoja na kumrudisha majini, kundi lote hutoweka. Ngozi ya samaki wa jamaa hii ikikwaruzwa hutoa kitu kinachoyeyuka majini, na wenzake wakikinusa hukimbia kujificha. Karl von Frisch wa Austria, yule yule aliyesoma ngoma ya nyuki, ndiye aliyegundua habari hii miaka ya 1930, kwa samaki wadogo wa Ulaya walio jamaa wa kuyu.

Safari ya kupanda mto

Kuyu mkubwa wa ziwani hazai ziwani. Mvua zikianza na mito ikijaa, huingia katika mlango wa mto na kupanda juu, akitafuta mahali penye maji maangavu yanayokwenda mbio juu ya changarawe. Hapo jike hutaga, dume hurutubisha, na mayai huanguka katikati ya vijiwe. Hawajengi kiota wala hawalindi mayai. Wakimaliza, wakubwa hurudi, na watoto wakitoka katika mayai hubaki mtoni wakikua kabla ya kuteremka. Mto Kipchorian ni mmoja wa matawi ya juu ya Nyando, na Nyando hupita Fort Ternan, Muhoroni na Ahero, hukata tambarare ya Kano, kisha huingia Ghuba ya Winam. Maporomoko makali huwazuia wengine wasifike juu, nao kuyu wanaoonekana juu ya maporomoko ni wale wanaoishi mtoni siku zote.

Bwana P. J. P. Whitehead, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi Nyanza, aliandika mwaka 1959 juu ya samaki hawa wanaopanda mito kutoka ziwani. Wakati huo watu wa mabondeni walikuwa wakiwangoja kwa nyua za fito na mitego ya kusuka. Mitego ile iliwakamata wengi na kuwaacha wengi. Kilichokuja kuharibu mambo ni nyavu za nailoni zilizofungwa mbele ya midomo ya mito, zikikamata samaki wenye mayai kabla hawajaingia kutaga. Ningu, aliye jamaa wa kuyu na mwenye safari kama hiyo, alipungua sana kwa njia hiyo. Kisha ziwani aliletwa mbuta, samaki mla samaki, katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa zima.

Watu wa mlimani hupenda kusema kwamba hayo ni makosa ya watu wa ziwani. Ni kweli kwa nusu. Nusu nyingine inatoka huku kwetu, maana mayai hayapigwi na wavu. Mayai huuawa na udongo.

Udongo unavyoua mayai

Yai la samaki linavuta hewa. Halina pua, lakini hewa iliyomo majini hupita katika ngozi yake. Changarawe ni mahali pazuri kwa sababu maji hupenya katikati ya vijiwe na kuleta hewa mpya kila dakika. Sasa mvua ya Aprili inyeshe juu ya shamba lililolimwa kutoka juu kwenda chini, bila matuta. Udongo mwembamba unateremka, unaingia kijitoni, na maji yanapopunguza mwendo unatua juu ya changarawe na kuziba nafasi zote kama saruji. Mayai yaliyo chini yamezikwa hai.

Fanya hesabu hii. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Ukipoteza udongo wa unene wa milimita 1 tu, kiasi ambacho macho hayawezi kuona, umepoteza mita za ujazo 4, yaani kama tani 5. Hiyo ni mizigo ya lori, na ni udongo wa juu wenye mbolea uliyoinunua kwa pesa. Kwa hiyo usidhani unaombwa kuwahurumia samaki. Udongo unaoziba mayai ya kuyu ni ule ule ambao ungekuotesha mahindi.

Chai iliyokwisha kufunga mistari hushika udongo vizuri sana, na mwenye chai asiwe na wasiwasi ila katika miaka ya kwanza, wakati miche ingali midogo na ardhi iko wazi. Mahindi kwenye mteremko ndiyo hatari. Lima kwa kukingama na mteremko, weka matuta, na juu ya kila tuta panda majani ya nepia. Maji ya barabara yasielekezwe shambani kisha mtoni. Yachimbie shimo la kuyatuliza kwanza.

Halafu acha ukingo. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka kipimo cha mita 6 mpaka mita 30 kutoka ukingoni, kulingana na upana wa mto. Wengine husema, "Mita 6 ni sehemu kubwa ya shamba dogo." Ni kweli ni kubwa. Lakini ukingo ulioachwa si ardhi iliyopotea: unaweza kuotesha majani ya kukata, na miti ya kienyeji ambayo mizizi yake hushika kingo. Anayelima mpaka kwenye maji hupoteza mita hizo hizo pole pole, maana kila mwaka ukingo unaanguka. Mikaratusi usiipande hapo. Inakunywa maji mengi, na majani mengine hayaoti vizuri chini yake. Kivuli cha miti ya kienyeji hufanya maji yawe baridi, na maji baridi hushika hewa nyingi kuliko ya moto.

Ng'ombe wako wasitelemke kila mmoja kwa njia yake. Chagua mahali pamoja, paweke mawe na kokoto, na pengine wazungushie ua. Mwenye uwezo ayatoe maji kwa mfereji mpaka kwenye birika, ng'ombe wanywe huko. Kwato hazitavunja kingo, wala mavi hayataanguka majini.

Pareto na dawa za kupe

Hapa mkulima wa milima yetu asikilize kwa makini. Maua ya pareto yaliyolimwa sana katika nchi hii hutoa dawa inayoua wadudu haraka na kumdhuru kidogo sana ng'ombe au mtu. Kwa samaki sivyo. Dawa hiyo huingia katika mashavu ya samaki, hufika kwenye mishipa ya fahamu, na mwili wake hauwezi kuivunja upesi kama mwili wa ng'ombe. Kiasi kidogo mno kinatosha kumwua. Dawa nyingi za siku hizi za kupe na za wadudu wa mboga zimetengenezwa viwandani kwa kufuata mfano wa pareto, nazo hudumu kuliko pareto yenyewe. Kwa hiyo usifikiri kwamba kwa kuwa dawa haikumwua ng'ombe, basi haina kitu.

Kosa linalofanywa kila juma ni hili: mtu amemaliza kunyunyizia ng'ombe wake, bomba lina mabaki ya nusu lita, naye hulipeleka kijitoni kulisuuza kwa kuwa huko kuna maji. Kwa dakika chache ameua wadudu na visamaki kwa mwendo mrefu, na mwanamke aliye chini anachota maji ya ugali. Chota maji kwa ndoo, peleka mbali na mto, suuza bomba huko, na maji ya kusuuza uyanyunyize juu ya majani makavu pasipo na mifugo. Shimo la kumwaga maji ya josho lisichimbwe kwenye mteremko unaoelekea mtoni. Maji ya kuoshea kahawa nayo yana sukari ya matunda. Yakiingia kijitoni vijidudu huifuata na kumaliza hewa yote, na samaki hufa kwa kukosa pumzi. Yaachwe katika mashimo ya kuyatuliza.

Wako pia vijana wanaomwaga dawa makusudi ili wavue bila kazi. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inakataza kuvua kwa sumu. Samaki wa namna hiyo usimnunue hata kwa bei ya kutupa.

Kuyu mdogo na kinamasi

Wataalamu waliomsoma Enteromius neumayeri katika msitu wa Kibale, Uganda, wakiongozwa na Lauren Chapman, waliona jambo la kufikiriwa. Wale wanaokaa katika kinamasi cha mafunjo, ambamo hewa ni haba, wana mashavu makubwa kuliko ndugu zao wanaokaa katika kijito kilicho karibu. Samaki ni mmoja, lakini mahali pamemfanya awe na mapafu mapana, tukisema kwa mfano. Basi mwenye kinamasi asikiite jangwa la chura na kukichimbia mifereji. Humo samaki wadogo hujificha wasiliwe na wakubwa, na maji ya mvua hupungua mwendo na kuacha udongo kabla ya kufika mtoni. Tena kinamasi ndicho kinachotoa maji mwezi wa Februari wakati vijito vingine vimekauka.

Wenye mabwawa ya samaki huuliza kama kuyu anafugika. Wadogo huingia bwawani wenyewe kwa mfereji, wakala chakula cha ngege. Ziba mdomo wa mfereji kwa wavu wa matundu madogo. Wavu huo uwe pia kwenye njia ya kutokea, ili ngege na kambare wako wasiingie mtoni. Kuyu mkubwa ataishi bwawani penye maji yanayoingia na kutoka, lakini usingoje watoto, maana hana mto wa kupanda. Huko Uganda wataalamu wamefaulu kumzalisha kwa mkono, wakimtia dawa ya kuamsha mayai na kuyakamua. Si kazi ya kujaribu nyumbani. Kama unaanza bwawa, anza na ngege.

Kazi ya kufanya mwezi huu

Asubuhi moja isiyo na mvua, mchukue mtoto mmoja mteremke mpaka kijitoni. Kaeni kimya ukingoni kwa muda wa dakika kumi, bila kukanyaga kwa nguvu. Tazameni mahali ambapo maji ya mbio yanaingia katika kidimbwi; visamaki husimama hapo wakielekeza vichwa juu, wakingoja chakula kinacholetwa na maji. Kisha geuzeni mawe matano. Chini yake mtaona wadudu bapa wenye mikia mitatu, pengine kaa mdogo. Wakiwapo wengi, maji ni mazuri. Mkikuta mawe yamefunikwa na tope na hakuna kitu ila minyoo myekundu, pandeni na mto mpaka mwone tope limeanza wapi. Mara nyingi si mbali, na mara nyingine ni kwenu.

Na kama siku moja utaona samaki wanaelea matumbo juu, usiwaokote kwa kula. Kwanza ondoa ng'ombe mtoni, na umpeleke mtoto awaambie jirani walio chini wasichote. Jaza maji katika chupa safi ya kioo, ifunge, uiweke kivulini mahali pa baridi. Andika siku, saa na mahali. Weka samaki wawili watatu katika mfuko safi. Kisha mpigie simu chifu na afisa wa uvuvi wa kaunti siku ile ile, kwa kuwa maji yenye sumu hupita, na kesho yake mto utaonekana safi.